Unga wa miti shamba na vidonge vya presha na sukari

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 49, nakaa Ahero. Kliniki walinipima wakakuta presha 148/92, sukari 7.8 kabla ya kunywa chai asubuhi, na kiuno sentimita 101. Nimeanzishiwa metformin ya sukari na enalapril ya presha. Sokoni Kibuye nimeuziwa unga wa mwarobaini, mlonge, karela, uwatu na mdalasini, nikaambiwa niachane na vidonge. Je, miti hii inasaidia kweli?

JIBU: Mama, vidonge usiviache. Mingine kati ya miti hiyo inasaidia, na kwa sababu ina nguvu ndiyo maana sitaki uinywe ikiwa imechanganywa hivyo.

Hali yako wataalamu huiita sindromu ya metaboliki. Mtu anakuwa nayo akipatikana na matatu kati ya haya: kiuno kipana (kwa mwanamke wa kwetu, kuanzia sentimita 80), presha kuanzia 130/85, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, trigliseraidi (aina ya mafuta ya damu) kuanzia 1.7, au kolesterol nzuri chini ya 1.3. Matatu tayari unayo. Omba wakupime na mafuta ya damu.

Hiyo metformin yenyewe ina asili ya mmea. Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, ambao zamani walipewa watu wanaokojoa kupita kiasi. Kiini chake kilishusha sukari lakini kilikuwa na sumu. Dawa iliyo salama zaidi ilipatikana kwa kutengeneza kemikali ya jamii hiyo hiyo, na mwaka wa 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kwenye kidonge unajua umemeza miligramu ngapi. Kwenye ule unga, hata aliyekuuzia hajui.

Ukitaka mmoja, mimi ningekuchagulia uwatu. Mbegu zake zikilowekwa hutoa utelezi kama wa mrenda, na utelezi huo huchelewesha sukari ya ugali kuingia kwenye damu. Loweka kijiko kimoja cha chakula usiku, asubuhi unywe maji yake na utafune mbegu. Ila kati ya uwatu na kumeza vidonge zipite saa mbili hivi, maana utelezi unaweza kuzuia dawa nayo isiingie vizuri. Tumbo likijaa gesi, punguza.

Kwa presha, chai ya haibiskasi, yale maua mekundu makavu yenye uchachu, imejaribiwa kwa watu: vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita vilishusha namba ya juu ya presha kwa takriban pointi 7. Ni msaada wa kweli, lakini enalapril nayo inashusha, kwa hiyo anza na kikombe kimoja, bila sukari, na upime presha. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, acha chai na urudi kliniki.

Karela inashusha sukari pia. Anayetumia glibenclamide (kidonge kingine cha kushusha sukari) au insulini akiinywa kiholela anaweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na hata kuzimia. Mdalasini wa kawaida wa madukani una kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi huumiza ini; kuutia kidogo kwenye chai ni sawa, kuula kwa vijiko kila siku sikubali. Majani ya mlonge yana potasiamu nyingi, na enalapril huifanya potasiamu ibaki mwilini, kwa hiyo usile unga wake kila siku kabla ya kupimwa figo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni unga unaoshusha sukari ndani ya siku mbili tu. Katika nchi kadhaa wakaguzi wamekuta vidonge vya kushusha sukari vimesagwa humo kwa siri.

Mboga zetu za osuga (mnavu), dek (mgagani) na apoth (mrenda) endelea kula kwa wingi, na tonge la ugali lipungue. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi, acha unga mara moja, nenda hospitali, na ubebe pakiti yake ili waone ulichokunywa.