Jibu: Kusoma kyubiti bila kuiharibu
Ndugu, umeuliza jinsi kyubiti (kipande cha msingi cha habari katika kompyuta ya kwanta) ya saketi isiyo na ukinzani wa umeme inavyopimwa bila kuharibiwa. Haipimwi moja kwa moja, bali huunganishwa na rezoneta ya mikrowevu (saketi inayotetema kwa kasi yake maalumu) ambayo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaliyowekwa mbali na ya kyubiti, husogea kidogo kutegemea kama kyubiti iko katika hali ya 0 au ya 1. Mpigo dhaifu wa fotoni (chembe za mawimbi ya mikrowevu) chache hutumwa kwenye rezoneta, kisha awamu ya wimbi linalorudi, yaani hatua ambayo mtetemo wake umefikia, husomwa baada ya kukuzwa na amplifaya iliyomo ndani ya jokofu lilelile linaloipoza kyubiti, penye takriban kelvini 0.02 (karibu na baridi kali kuliko zote iwezekanayo).

Hata hivyo, mchanganyiko wa hali hizo mbili, ambamo kyubiti inaweza kuwa kabla ya kupimwa, hauponi. Kinachohifadhiwa ni jibu, yaani 0 au 1, ambalo ukipima tena papo hapo hulipata lilelile. Nakusihi usizidishe nguvu ya mpigo, kwani kyubiti inaweza kuruka hadi ngazi za nishati za juu zaidi ya 0 na 1.