Kwa unayeanza kazi kwenye ofisi ya maveterani chuoni

Ukiajiriwa kwenye ofisi ya maveterani katika chuo cha Marekani, utaambiwa kazi yako ni kuwakaribisha askari wa zamani na kuwashukuru. Wameshashukuriwa vya kutosha. Wanachokosa ni mtu anayezijua kanuni za malipo kuliko wao, aliye tayari kugonga mlango wa mhasibu, wa msajili, hata wa mkuu wa chuo, mpaka taratibu za chuo zifanane na sheria ya nchi. Kabla hujaagiza bendera za Novemba 11, Siku ya Maveterani, soma kanuni.

Sheria ya 1944 ya kuwalipia askari wa zamani masomo, ile inayojulikana kama GI Bill, rasimu yake iliandikwa na Harry Colmery wa chama cha maveterani cha American Legion, na chama hicho kikaipigania hadi Rais Roosevelt akaitia saini Juni 22. Kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa maveterani. Lakini utekelezaji uliachwa kwa maofisa na vyuo vya kila eneo. Huko kusini, askari weusi walikuta vyuo vya wazungu vimewafungia milango, na vyuo vichache vya weusi havikuwa na nafasi ya kuwatosha. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Ubaguzi ulifanyika dirishani, mahali kama hapo unapoketi wewe leo.

Sheria utakayoshughulika nayo zaidi ni ya baada ya Septemba 11, iliyoanza kutumika Agosti 1, 2009. Aliyetimiza muda kamili wa utumishi hupata miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo, posho ya nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Kwa maelezo hayo mtu anadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Posho ya nyumba hailipwi kwa anayesoma nusu ya mzigo wa masomo au pungufu. Mahali ambapo mzigo kamili ni krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), mwenye krediti 6 hapati hata senti ya nyumba, na mwenye 7 anapata asilimia 60. Anayesoma kwa mtandao tu hukadiriwa kwa nusu ya wastani wa nchi nzima, lakini akiongeza somo moja la darasani hesabu inarudi kwenye gharama za mahali chuo kilipo. Muhula ukiisha, posho inakatika hadi muhula mwingine uanze. Mwenye nyumba hana likizo.

Mshauri wa masomo asiyejua haya atamwambia mwanafunzi aliyelemewa na hisabati aliache somo hilo. Kwa mwanafunzi mwingine huo ni ushauri mwema. Kwa veterani unaweza kuzaa deni kwa serikali, linalohesabiwa tangu siku ya kwanza ya muhula, asipokuwa na sababu inayokubalika. Mara ya kwanza husamehewa hadi krediti 6, na msamaha huo haurudiwi. Kinachoshangaza ni kwamba aliyesoma hadi mwisho akafeli hadaiwi. Simwambii mtu afeli, namwambia apite kwangu kabla hajabonyeza kitufe. Na kwa kuwa hutawafikia wote kwa mdomo, omba chuo kiweke alama kwenye mfumo, ili ombi la kuacha somo kutoka kwa mwanafunzi anayelipiwa na Idara ya Masuala ya Maveterani lifike kwanza ofisini kwako. Hiyo ndiyo sera. Haina sherehe, na italipa kodi za nyumba za watu wengi kuliko hafla yoyote.

Omba vilevile alama kama hiyo kwenye akaunti ya ada. Tangu Agosti 2019 chuo hakiruhusiwi kumtoza faini, kumfungia usajili wala kumlazimisha akope mwanafunzi ambaye malipo ya serikali yamechelewa, kwa hadi siku 90 baada ya chuo kuthibitisha ada yake. Mhasibu mkuu anaweza kuijua sheria hiyo vizuri kabisa, lakini kompyuta inayofunga akaunti usiku haijui. Usilalamike kuhusu mwanafunzi mmoja. Peleka orodha, pamoja na kifungu cha sheria.

Kuwaruhusu maveterani wajisajili kwenye masomo kabla ya wengine nako si upendeleo. Serikali hulipia masomo yanayohitajika kwa shahada tu. Somo likijaa, mwanafunzi akachukua lingine la kujazia, hilo la kujazia halilipiwi. California imeuweka usajili huo wa mapema kwenye sheria. Kama jimbo lenu halijafanya hivyo, msajili anaweza kulianzisha bila kusubiri bunge.

Kuna suala la krediti za jeshini, na hapa utagombana na walimu. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hutathmini mafunzo ya kijeshi na kupendekeza yana thamani gani chuoni, ila uamuzi hubaki kwa chuo. Vyuo vingi hujisifu kwamba vinazipokea, kisha vinazimwaga zote kwenye masomo ya hiari, ambako hazipunguzi hata muhula mmoja wa shahada. Tabibu wa kikosi aliyefunga majeraha vitani anajikuta darasa la huduma ya kwanza. Usianze na azimio la chuo kizima. Chagua idara moja yenye mkuu msikivu, mwombe alinganishe mtaala wa kozi moja ya jeshi na wa somo lake, mpate jibu la maandishi. Idara ya pili huwa rahisi zaidi.

Kwenye fomu zenu, ulizeni kama mtu amewahi kutumikia jeshi. Askari wa akiba wengi, na wanawake wengi, hawajihesabu kuwa maveterani, hivyo huruka kisanduku chenye neno hilo.

Nje ya chuo, tazama jinsi kanuni ya 90/10 ilivyobadilishwa. Vyuo vya kibiashara vilikatazwa kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato kutoka misaada ya elimu ya serikali kuu, lakini pesa za maveterani zilihesabiwa kama si za serikali, zikaingia kwenye ile asilimia 10 iliyobaki. Kila askari akawa windo. Vyama vya maveterani, kikiwemo Student Veterans of America kilichoanzishwa 2008, vililipigia kelele jambo hilo kwa miaka, na mwanya ukazibwa na sheria ya Machi 2021, ikaanza kuuma 2023.

Ukiwa mfanyakazi wa chuo cha umma, muulize mwanasheria wa chuo mipaka yako kabla ya kumwendea mbunge. Wanafunzi hawana mipaka hiyo, waende wao. Usiwaandikie hotuba, wala usimchague kila mara mwenye kisa cha kuliza: wabunge wakizoea kuona waliovunjika tu, watatoa huruma badala ya bajeti. Wape ukurasa mmoja wa kubeba: kifungu kipi kibadilike, kisomeke vipi, na wanafunzi wangapi wa jimbo la mbunge huyo wanaguswa.