Kilichomfilisi Stu Ungar ni ukubwa wa dau

Swali la wiki liliuliza: ukiitazama filamu ya Stu Ungar, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa karata wa poka mara tatu kisha akafa hana hela, kilichommaliza ni unga, bahati mbaya au kipaji chenyewe?

Vijiwe vingi vya kahawa hapa Mwanjelwa vitajibu unga, na kuhusu kifo vitakuwa sawa. Ungar alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli Las Vegas, Novemba 22, 1998, akiwa na miaka 45, moyo umechakazwa na miaka mingi ya dawa za kulevya. Ila ufukara ulikuwa ukimrudia hata kipindi ambacho anashinda, na huo unataka maelezo yake. Filamu yenyewe, ya mwaka 2003, ambayo Michael Imperioli ndiye Ungar, inabanwa na kile kinachozibana filamu zote za kamari: kamera hupenda uso wa mchezaji na rundo la chipu, vile visahani vinavyosimama badala ya hela mezani, wakati kinachomla mtu ni hesabu, na hesabu haina sura.

Hesabu hiyo inaenea nyuma ya risiti ya mbolea. Chukua mchezaji anayeshinda mara 55 kati ya 100 kwenye dau la sawa kwa sawa, yaani ukiweka elfu na ukashinda unaongezewa elfu, ukikosa elfu yako imekwenda. Huyo ni mtu wa hatari, wa kumkimbia. Mpe mtaji wa sh. 1,000,000, acheze mara 100, ashinde 55 na apigwe 45 kama ilivyotarajiwa. Akiweka kila mara sehemu ya kumi ya alichonacho, anamaliza na takriban sh. 1,650,000. Akiweka sehemu ya tano, anamaliza na kama sh. 986,000: ushindi wake umezidi vipigo kwa michezo kumi na bado kala hasara. Akiweka nusu, milioni nzima inageuka sh. 137. Soma vizuri, hakuna sifuri zilizosahaulika. Shilingi mia moja thelathini na saba, andazi hupewi.

Asiyeamini achukue kikokotoo cha simu: milioni moja, zidisha kwa 1.5 mara 55, halafu kwa 0.5 mara 45. Ukichanganya mpangilio wa ushindi na vipigo, jibu halibadiliki. Sababu inaonekana kwa michezo miwili tu. Una 100,000, unaweka nusu, unashinda: 150,000. Unaweka nusu tena, unapigwa: 75,000. Ushindi mmoja, kipigo kimoja, robo ya mtaji imeyeyuka na hakuna aliyekudhulumu. Kwa sehemu ya kumi, safari hiyohiyo inakutoa 110,000 na kukushusha 99,000 tu. Wachuuzi wa viazi wanaoshusha mzigo kutoka Njombe wanalijua hili bila kalamu. Anayejua bei vizuri kuliko wenzake lakini anaweka mtaji wote kwenye fuso moja, siku fuso hilo likilala njiani na mvua ikaingia kwenye magunia, ujuzi wake wa bei haumsaidii kitu.

Kwa dau la sawa kwa sawa kipimo cha juu ni chepesi: toa asilimia ya kupigwa kwenye asilimia ya kushinda. 55 toa 45 ni 10, basi usivuke sehemu ya kumi. Wanaojua kazi huweka nusu ya hapo, kwa sababu kila mtu hujipa asilimia za upendeleo. Anayejidhania wa 55 na kumbe ni wa 52, kikomo chake ni 4, na akiweka 10 anajichimbia shimo huku anashinda zaidi ya nusu ya michezo. Jibu likitoka sifuri au chini ya sifuri, dau sahihi ni kutoweka kitu.

Hapo ndipo Ungar alipobomoka. Kwenye rami ya watu wawili, karata 10 kila mmoja, kila karata inayotupwa huonekana, na yeye alizishika zote kichwani. Ikifika katikati ya mchezo alikuwa anajua mwenzake kashika nini. Alikuwa mkali kiasi kwamba wapinzani walianza kumkwepa. Wacheza drafti wanaijua hali hiyo: bingwa wa kijiwe lazima amwachie mwenzake kete mbili ndipo apate wa kukaa naye. Akaingia poka. Hela aliyoichota mezani akaibeba kwenda kwenye farasi na mechi, mahali ambapo yeye na mpita njia walikuwa sawa, na akaiweka kwa mafungu makubwa.

Mechi tunazijua. Chukua odi za kawaida, yaani namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Gawa moja kwa kila namba na ujumlishe: 0.476, 0.313, 0.294, jumla 1.083. Ile 0.083 iliyozidi ni ya kampuni. Kama odi zimepangwa kwa haki pande zote, elfu yako inakuwa na thamani ya kama sh. 923 kabla mpira haujaanza. Weka mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja na makato yanazidishana: mkeka wa sh. 1,000 una thamani ya kama sh. 450 dakika unapochapishwa. Hata ukichagua mechi kumi ambazo kila moja ina uwezekano wa asilimia 70, mkeka mzima unatiki takriban mara moja kati ya 35. Watu humlaumu kipa wa mechi ya mwisho.

Na ile mbinu ya kurudisha hela kwa kudabo? Anza na 1,000, ukipigwa weka 2,000, halafu 4,000. Vipigo vinane mfululizo vimekula sh. 255,000, na dau la tisa linataka 256,000. Yote hayo kwa kutafuta faida ya elfu moja. Mashine za dubwi hata sizigusi hapa, maana huko hakuna kipaji cha kujadili.

Sasa tazama ubingwa wake: 1980, 1981 na 1997. Kwenye mashindano yale unalipa dola 10,000 unapewa chipu ambazo huwezi kuzitoa nje ya meza. Huwezi kuzipeleka kwenye farasi, na ukipoteza zote hasara inakomea kwenye kiingilio. Kanuni zilimpimia dau, yeye akabaki na kazi anayoiweza. Mwaka 1990, siku ya tatu, alikutwa chumbani hajitambui. Chipu zake zikabaki mbele ya kiti kitupu, zikikatwa madau ya lazima kila zamu ilipofika, na bado zikamfikisha nafasi ya tisa. Kwa maoni yangu hakuna tukio la maisha yake linalosema zaidi ya hilo: rundo ambalo hakuweza kuligusa lilidumu kuliko hela yoyote aliyowahi kutia mfukoni.

Kwa hiyo, kwenye lile swali, kipaji kina sehemu yake ya lawama. Mtu wa kawaida akifilisika mara moja anarudi shamba, hakuna wa kumkopesha. Ungar kila alipoanguka alipata wa kumwinua, kwa kuwa kumdhamini kulikuwa biashara ya maana. Mwaka 1997 kiingilio alilipiwa na mcheza poka mwenzake, Billy Baxter. Akawa wa kwanza kati ya washiriki 312, akabeba dola 1,000,000, wakagawana nusu kwa nusu, na haikuchukua muda akawa hana kitu. Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena. Ungar hakutokea mezani.

Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya