Biashara tatu, nyumba moja: nisajili kampuni ngapi?

SWALI: Shikamoo. Niko Kihonda, Morogoro. Nina duka la vifaa vya ujenzi linalouza kama shilingi 180,000 kwa siku, saluni ya kama 50,000 kwa siku, na kazi za upishi wa harusi na mikutano zinazoleta wastani wa milioni 3 kwa mwezi. Zote ziko chini ya jina moja la biashara nililosajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kwa TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi. Shemeji ananishauri nifungue kampuni tatu, kisha kampuni mama ya kuzimiliki. Mdogo wangu anayesimamia saluni anataka tuwe wabia. Nyumba tunayoishi ni ya jina langu na watoto bado wadogo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi naanzia kwenye hiyo nyumba. Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako: deni la duka ni deni lako, na anayeishtaki saluni amekushtaki wewe. Sasa jiulize, kati ya hizo tatu ni ipi inayoweza kukuletea dai kubwa usilolitarajia? Msumari ukikataa kuingia, mteja atarudisha pakiti. Lakini wageni 300 wakila pilau iliyolala wakaugua, au jiko la gesi likilipuka ukumbini, madai hayatakuwa ya laki mbili. Upishi ndio ninaotaka utoke kwenye jina lako. Uusajilie kampuni yenye ukomo wa dhima, yaani deni lake ni lake, si la mwenye hisa. Moja tu.

Kuna sababu ya pili, nayo imo kwenye hesabu zako. Kwa siku 300 za kazi, duka linauza milioni 54 na saluni milioni 15. Weka milioni 36 za upishi, unafika milioni 105. Mfumo wa kodi ya makadirio kwa mtu binafsi, ambao kodi hupangwa kwa mauzo na si kwa hesabu za faida, unaishia kwenye mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, na Mamlaka ya Mapato (TRA) inajumlisha kila unachouza kwa TIN yako, hata ukisajili majina kumi ya biashara. Ukiuhamisha upishi, unabaki na milioni 69. Lakini makadirio hayo ni ya mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara. Ukijilipa mshahara kutoka kwenye kampuni au ukipangisha chumba, mambo yanabadilika, kwa hiyo kaa na ofisa wa TRA kabla ya kuhamisha chochote. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na viwango havikai.

Kampuni ina gharama zake. Faida inatozwa asilimia 30, na ukijigawia kilichobaki, gawio hilo linakatwa kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipokea, ya asilimia 10. Katika kila shilingi 100 za faida, zinazofika mkononi kwako ni 63. Juu ya hapo kuna taarifa ya mwaka unayopeleka BRELA, na hesabu zinazopitishwa na mhasibu mwenye cheti cha CPA ambaye hafanyi kazi bure. Zidisha hayo mara nne, kwa kampuni tatu na mama yao, uone shemeji anakupeleka wapi. Nia yake ni njema, lakini muundo huo unamfaa mwenye wawekezaji tofauti katika kila biashara, au anayetaka kuuza moja bila kugusa nyingine. Wewe hujafika huko.

Ukishaisajili kampuni, fedha zake si zako tena. Hapa ndipo ninapowaona wengi wakiharibu: wanalipa ada ya shule kutoka akaunti ya kampuni, wananunua saruji ya duka kwa malipo ya harusi, hakuna karatasi. Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili atasema kampuni ilikuwa jina tu, na vitabu vyako vitamsaidia. Masufuria, majiko na mahema yahamishe kwa maandishi. Mikataba na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zitoke kwa jina la kampuni. Na benki ikikutaka usaini dhamana binafsi ya mkopo wa kampuni, soma kabla ya kusaini, kwa sababu hapo nyumba imerudi mezani.

Kwa mdogo wako, nasema hapana kwa ubia. Mbia anaweza kukopa kwa ajili ya biashara na deni likakugeukia wewe. Mpe mshahara na asilimia ya mapato ya saluni, kwa mkataba ulioandikwa.

Umetaja watoto, nami nakushukuru kwa hilo. Ukifariki leo, duka na saluni vinaingia kwenye mirathi, na mpaka mahakama imthibitishe msimamizi, akaunti yako itafungwa huku wafanyakazi na wauzaji wa jumla wakidai. Kampuni haifi na mwenye hisa. Mkurugenzi mwingine anaweza kuendelea kulipa na kupika. Basi mchague kwa makini huyo mkurugenzi wa pili, awe mtu anayeijua kazi, na uandike wosia unaotaja hisa, duka na saluni, kila kimoja kwa jina lake.

Wiki hii anza na daftari tatu tofauti. Kwa mfumo wa mtandao wa BRELA utahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN ya kila mkurugenzi. Kama huyo wa pili hana NIDA, mfuatilie sasa, kabla ya msimu wa harusi.