Mpira ubebwe mkavu: ushauri kwa wanaozima moto pasipofika gari

Gari la zimamoto likitoka Mtwara mjini halipati taabu kufika Mikindani. Taabu huanza moto unapokuwa ndani, kwenye vichochoro vya mji mkongwe, nyumba zimebanana na njia nyingine hata bajaji haigeuki. Kwenye mashamba ya mikorosho nako kuna yake: njia ni mchanga mtupu, na gari lenye tangi lililojaa likiingia huko litazama. Dereva mwenye busara huliacha barabarani. Hapo kati ya gari na moto panabaki mita 60, pengine 100 au zaidi, na umbali huo ndio ninaouandikia leo, kwa wadogo zangu wanaoanza kazi hii na kwa walinzi wa maghala ya korosho waliokabidhiwa mpira wa zimamoto wakaachwa wajifundishe wenyewe.

Wengi tulianza na mpira wa kuviringisha. Unashika ncha, unausukuma, unabingirika mpaka uishe. Uwanja wa mazoezi ukiwa tambarare, kazi inapendeza. Kichochoroni unagonga kizingiti, unalala ubavu, na wewe unabaki kuufukuzia gizani. Shanta la mpira, yaani mfuko wa kuvaa mgongoni, lina utaratibu mwingine. Mpira umekunjwa ndani, ncha moja imeungwa kwenye maji, nawe unatembea huku unatoka nyuma yako mkunjo mmoja mmoja. Mikono yote miwili iko huru kushika tochi, kusukuma mlango, hata kumwinua mtoto.

Sasa shikeni hili kuliko yote: mpira ubebwe mkavu na utandazwe mkavu. Hesabu yake kila askari aijue kwa kichwa. Mpira wenye kipenyo cha milimita 38 na urefu wa mita 30 ukijaa una maji lita 34 hivi, yaani kilo 34. Wa milimita 45 unakaribia lita 48. Ule mnene wa milimita 65 unafika lita 100. Ukiunga miwili ya milimita 45 na kuita maji mapema, umewatwisha wenzako karibu kilo 100 za kuburuta, kona kwa kona, kabla hawajauona moto wenyewe. Nimeona vijana wenye nguvu zao wakiishiwa pumzi mlangoni kwa sababu hiyo tu, na aliyeishiwa pumzi mlangoni hafai tena kuingia ndani.

Kazi ya shanta huamuliwa kituoni, siku linapokunjwa. Tandaza mpira mahali safi, ukamue maji na hewa yote. Anza na ncha ya nozeli, yaani mdomo wa kurushia maji, iweke chini kabisa ya shanta. Kisha kunja kwenda na kurudi kwa urefu wa shanta lenyewe, na usiache mikunjo yote iishie mahali pamoja: mmoja ufike mwisho, unaofuata uishie pungufu kiasi cha kiganja, vinginevyo kingo zinavimba na katikati panabonyea. Usizungushe duara, maana mpira uliozungushwa hutoka umejisokota. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana wavu hupangwa ndani ya mtumbwi kwa namna utakavyoingia majini. Ncha ya kuungia maji ibaki juu kabisa, imechungulia nje ya mfuniko kwa urefu wa mkono, ili hata usiku uipapase na kuipata. Mikanda iwe ya kufunguka kwa mvuto mmoja, fundo marufuku. Ukimaliza, livae ulitembeze uani mpaka liwe tupu, kisha likunje upya. Shanta ambalo halijatembezwa mimi silipeleki kwenye moto.

Siku ya kazi, unga ncha yako, mwenzako aishike au aikanyage mpaka umesogea hatua kadhaa, kwa sababu mvuto wa kwanza ndio unaochomoa viungio. Tembea, usikimbie. Kwenye kona chukua upande wa nje, kwani ukikata kona ukutani, mpira utakaza pale ukijaa na kujikunja. Kama watu wanatosha, kila kona iwe na mtu wake. Ukikaribia mlango, simama kabla ya moshi, mwaga mpira uliobaki na uutandaze kwa mapindo marefu na mapana, angalau mita 15, maana huo ndio utakaoingia nao ndani. Halafu angalia ndani ya shanta. Limebaki tupu? Sasa ita maji. Mpira ukijazwa ukiwa bado shantani huvimba, hubanana, hautoki tena hata mkivuta watatu. Maji yakianza kuja, fungua nozeli kidogo kutoa hewa, na wakati wa kuifunga ifunge taratibu, la sivyo kishindo cha maji kinarudi nyuma na kuumiza mpira na pampu.

Kama mnapanda, kwa mfano kwenye mlima ulio nyuma ya Mikindani, mwambie mwendesha pampu. Kila mita 10 za kwenda juu zinakula karibu bar 1 ya msukumo wa maji. Urefu wa mpira nao unakula, na ukiongeza maji mara mbili, kinachopotea kwa msuguano huongezeka mara nne. Hawezi kuyajua hayo akiwa amesimama barabarani.

Kwenye jengo lenye moshi, mgongo wako una kazi nyingine: unabeba mtungi wa hewa. Shanta na mtungi havikai pamoja, na mtu asikudanganye kwamba mtungi unaweza kusubiri. Lishike shanta kwa mkono au uliegemeze begani juu ya mtungi, au mpe asiyeingia ndani alifikishe mlangoni. Ghala la korosho ghafi nalisisitizia zaidi. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kwa nguvu, na moshi wake huwasha macho, koo na ngozi. Bila mtungi na barakoa yake, kazi yako ni kupoza ukuta na magunia kwa nje.

Mashambani ndiko shanta linakaa mgongoni barabara. Majani makavu yamejaa chini ya mikorosho, upepo wa kusi unavuma, na moto wa mtu aliyekuwa anasafisha shamba lake unavuka mpaka. Usiukabili kwa mbele. Anzia palipokwisha kuungua, uufuate ubavuni ukiuzima. Mpira ukiisha, mwenye shanta la pili awe ameshafika: kunja mpira wenye maji mara mbili uubane kwa goti au kwa kibanio, toa nozeli, unga mpira mpya, yeye atembee mpaka amwage wote, nozeli iungwe mbele, ndipo uachie maji. Hakuna haja ya kurudi kuzima pampu. Mkorosho ulioungua haurudi upesi, na ninapoona mzee amesimama kando ya shamba lililoteketea huwa nasikitika sana kama mpira ulikuwepo garini na hakuna aliyeweza kuufikisha.

Utunzaji ni mfupi kuusema. Mchanga wa kwetu unaingia kila mahali, kwa hiyo fungua viungio, toa ringi laini ya kuzuia uvujaji iliyomo, ifute na uirudishe. Mkitumia maji ya bahari, suuza mpira kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani, maana chumvi inakula viungio. Anika kivulini. Ukikauka ukunje siku hiyohiyo, na uandike tarehe kwenye kipande cha plasta juu ya mfuniko ili anayeingia zamu ajue ni lini shanta lilitembezwa mara ya mwisho.