Maswali yenu: tuni moja, nchi ngapi?

Hivi Zambia walituibia wimbo wa taifa au sisi ndo tuliwaibia? AFCON ile ya Januari 2024 Taifa Stars yetu ya Tanzania na Zambia nilisikia tuni moja mara mbili nikadhani DJ kakosea.

DJ hakukosea ndugu yangu, na mwizi hayupo. Tuni ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kwa Kixhosa akafariki 1905, baadae ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakaufanya wao, wapigania uhuru wa huku kwingine nao wakaudaka. Sisi 1961 tukautafsiri, maana hayo maneno ya Kixhosa ndo hayohayo Mungu ibariki Afrika, Zambia wao 1964 wakachukua tuni tu, maneno wakaweka yao ya kuisifu Zambia. Zimbabwe nao waliutumia tangu 1980 mpaka 1994 wakatunga mwingine.

Mbona wa Afrika Kusini unaanza kama wetu halafu unageuka katikati?

Kwasababu ni nyimbo mbili zimeungwa mwaka 1997, ule wa Sontonga na Die Stem wa enzi za makaburu, lugha tano humo ndani, na kii, yani noti ya msingi ya kuimbia, inabadilika kabisa njiani. Kwaya yetu tuliujaribu siku moja, sauti ya kwanza walipotelea hapohapo kwenye kona, besi tukabaki tunaangaliana.

Eti wa Kenya ulikuwa wa kubembeleza mtoto?

Ndio, wa Wapokomo wa Mto Tana, 1963 ukawekewa maneno mapya. Kwahiyo ukiona wanajeshi wamekakamaa na saluti, ujue hapo mama alikua anamlaza mtoto.

Ulaya nako wanaazimana?

Sana tu. Liechtenstein wanatumia tuni ya God Save the King, wakikutana na England inapigwa mara mbili. Ila mi naipenda ya Finland na Estonia, tuni ya Fredrik Pacius, Mjerumani, ya 1848. Wasovieti walipoishika Estonia waliupiga marufuku wimbo wao, lakini redio ya Finland ilikua inashika mpaka ng'ambo ya bahari, na kila usiku wakifunga matangazo wanapiga wimbo wa taifa wa Finland, Waestonia wako zao ndani wanasikiliza wimbo wao.