Nani alimlisha maskini kijijini Uingereza miaka ya 1800?

Hapana, siyo serikali ya London, wala si hisani ya bwana mwenye shamba pekee. Ilikuwa parokia, yaani eneo la kanisa moja ambalo pia lilisimamia mambo ya wakazi wake. Tangu sheria ya 1601, kila parokia ilitoza kodi wanaoshika mashamba na nyumba, na fedha hizo ziligawiwa na wasimamizi wa maskini, wenyeji wa pale pale walioteuliwa kila mwaka bila mshahara. Daftari zao nyingi zimehifadhiwa mpaka leo, na ndizo zinazoonyesha maisha yenyewe: jozi ya viatu kwa mtoto, kuni kwa mjane, jeneza la mzee fulani.

Kusini, hata kibarua mwenye kazi alihitaji msaada, maana mshahara haukutosha mkate. Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, jimbo la kusini, walikutana mahali paitwapo Speenhamland wakapanga kipimo: mkate wa kilo kama 4 ukiuzwa shilingi 1, kibarua asipungukiwe shilingi 3 kwa wiki, pamoja na shilingi 1 na nusu kwa mkewe na kwa kila mtoto. Pengo lilijazwa na parokia. Matajiri wa mashamba walinufaika sana hapo, kwani hawakuwa na sababu ya kupandisha mshahara.

Ila si kila wilaya ilifuata mtindo huo. Kaskazini mishahara ilikuwa afadhali. Na ukiomba msaada ukiwa mgeni, ungeweza kurudishwa kwenye parokia yako. Sheria ya 1834 ndiyo iliyobana yote hayo, ikiwasukuma wahitaji kwenye nyumba za kazi, yaani makao ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi.